Mkono Ndani ya Rundo: Kununua Udi Usiouona



Usiku wa Jumatano iliyopita, baada ya sala ya Isha, alinijia binti mmoja, jirani yangu wa mtaa wa pili, amebeba mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi mkekani bila ya kusema neno. Kisha akaufungua ule mfuko. Chumba kizima kikajaa harufu kali, tamu ya kukirihisha, kana kwamba mtu amevunja chupa tatu za manukato kwa pamoja. "Mama," akasema, "huu ndio udi wangu."

Kabla sijaugusa nilijua kwamba alichonacho si udi. Udi halisi ukiwa baridi ni mnyamavu. Ukiutia puani utapata harufu ya mti mkavu, pengine na utamu kidogo kwa mbali, basi. Harufu yake imefungwa ndani ya utomvu, na kinachoifungua ni moto. Udi unaojaza nyumba ungali mfukoni umepakwa kitu.

Binti huyu anafanya biashara ya manukato kwa simu. Hana duka. Duka lake ni picha anazoweka WhatsApp, na wateja wake ni kina mama wanaoandaa harusi na wale wanaopenda nyumba zao zinukie siku ya Ijumaa. Mtaji aliuchukua kwenye kikoba. Aliona mtandaoni tangazo la udi wa Kambodia, picha nzuri, wafuasi maelfu, na bei ambayo haikufika hata nusu ya ile anayoizoea Kariakoo. Alituma fedha zote kwa mkupuo mmoja, mzigo ukamfikia kwa basi baada ya siku nne. Mteja wake wa kwanza aliufukiza sebuleni, moshi ukapanda mweusi, mtoto akaanza kukohoa, na mama wa mtoto akaurudisha udi uliobaki siku ile ile. Muuzaji, alipoandikiwa, alijibu mara moja tu, akasema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena.

Lakini binti hakuja kwangu kulia fedha zake. Alikuja na swali, nami nitalifikia. Kwanza natamani tuzungumze juu ya namna alivyofika hapo, kwa sababu sidhani kama kuna nyumba miongoni mwa wasomaji wetu ambayo haijawahi kufikiwa na mzigo usiofanana na picha yake.

Wengi wetu tumeisikia misikitini habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, kama alivyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Aliingiza mkono wake ndani ya rundo, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye nafaka, akajibiwa kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini basi asiiweke juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tunaisimulia habari hii kwa ajili ya neno lake la mwisho, na ni haki yake. Mimi leo nataka tuutazame ule mkono. Hakuridhika na uso wa rundo. Na ninyi mnaonunua kwa simu, mnachoonyeshwa ni uso wa rundo peke yake, tena uso uliopambwa kwa taa na programu za kusafisha picha. Hapana pa kupenyeza mkono, ila mjitengenezee wenyewe.

Bibi zetu hawakununua udi kwa macho. Walikwenda nao kwenye chetezo cha muuzaji, wakaweka kipande kidogo juu ya kaa, wakasubiri. Muuzaji aliyekataa kukitoa kipande kile alijulikana siku hiyo hiyo. Hawakuwa wajuzi wa sayansi ya miti, lakini walijua kwamba ushahidi wa udi uko motoni.

Tuseme kwa ufupi udi ni nini, maana asiyejua kitu kilichoghushiwa hawezi kuijua ghushi yake. Udi ni mbao ya mti wa jamii iitwayo Aquilaria, unaoota Assam ya India, Bangladeshi, Kambodia, Vietinamu, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani zao. Mti wenyewe ukiwa na afya mbao yake ni nyeupe, nyepesi, na haina harufu ya maana. Ukijeruhiwa, na wadudu na kuvu wakaingia katika jeraha, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mzito wa rangi ya kahawia inayoelekea weusi. Utomvu huo hujikusanya kwa miaka ndani ya mbao, na sehemu hiyo iliyougua ndiyo udi. Si kila mti huugua, na hauwezi kujua kwa kuutazama nje tu kiasi gani kimo ndani, kwa hiyo wakataji walikata wenye udi na usio nao, hata miti ikaadimika. Aina moja mashuhuri imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1995, na kuanzia 2005 jamii yote ya Aquilaria imewekwa humo, maana yake haivuki mipaka kihalali bila ya vibali. Siku hizi kuna mashamba ya miti hiyo, na udi wa shambani umepunguza bei kwa kiasi fulani. Lakini udi mzuri wa daraja la juu bado huuzwa kwa maelfu ya dola kwa kilo. Atakayekuahidi udi wa porini wa Kambodia kwa bei ya mkaa amekwisha kukueleza anachouza, kama una masikio.

Sasa wanaughushi vipi? Njia iliyoenea ni kuchukua mbao ile ile nyeupe isiyo na utomvu, au mbao ya mti mwingine kabisa, kuichovya katika mafuta ya kunukia na rangi nyeusi, kuikausha na kuisugua mpaka ing'ae. Wako wanaoingiza madini ndani ya mbao ili iwe nzito, kwa sababu wanunuzi wamesikia kwamba udi mzuri huzama majini. Ni kweli kwamba udi wenye utomvu mwingi sana huzama, na mwingi mzuri wa daraja la kati huelea. Kwa hiyo maji si hakimu. Aliyeutia madini atashinda mtihani huo, na mwenye udi halisi wa kawaida atashindwa.

Nilimwomba binti anipe vipande vitatu. Tukavitazama chini ya taa. Vyote vilikuwa na weusi mmoja, kama viatu vilivyopigwa rangi. Udi halisi una mishipa, yaani mistari ya kahawia na nyeusi inayopita ndani ya mbao iliyofifia, hapa minene na pale imekatika, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Nikalowesha kitambaa cheupe, nikasugua kipande kimoja. Kitambaa kikatoka na weusi kama wa wino. Nikakivunja. Ndani kilikuwa cheupe, na weusi wote ulikuwa ngozi ya juu, haufiki unene wa ukucha. Hapo tungeweza kuishia, lakini nilitia makaa kwenye chetezo, tukatoka nje uani, nikaweka kipande cha tatu. Udi halisi ukipata moto wa polepole utomvu wake huchemka na kutoa mapovu madogo juu ya mbao, na moshi wake ni mwembamba, mweupe unaoelekea buluu, hauchomi macho. Kipande chetu hakikutoa povu hata moja. Kilitoa moshi mzito, kwanza wa maua, kisha wa mafuta yanayoungua, na mwishoni wa kuni tu. Binti alijifunika pua kwa mtandio wake.

Hapa lazima niseme neno kwa ajili ya kina mama wa Unguja, Lamu na Mombasa, ili nisije nikaeleweka vibaya. Kuna udi wa kupika: vipande vya mbao vinavyopikwa kwa sukari, vikatiwa marashi, viungo na mafuta ya kunukia, kila nyumba na fundi wake na siri yake. Wasomali nao wana unsi wao unaofanana na huo. Udi huo hunukia ukiwa baridi, na unastahili kunukia, kwa sababu ndivyo ulivyotengenezwa na ndivyo unavyouzwa. Hakuna aliyedanganywa. Mpishi akikwambia huu ni udi wa kupika, umenunua ulichoambiwa, na mara nyingi umenunua kitu kizuri mno. Ghushi haiko katika sukari wala katika mafuta. Iko katika jina. Kipande kile kile kikiitwa udi wa Kambodia wa porini, kimeshakuwa uongo, hata kama kinanukia vizuri.

Manukato ya chupa yana habari yake, na nitapita haraka. Bidhaa za viwanda vya Ghuba na za Ulaya zinaigwa kwa ustadi siku hizi, hata boksi peke yake haliwezi kukuambia jambo. Tazama namba ya toleo iliyopigwa chini ya boksi, kisha ilinganishe na ile iliyopo chini ya chupa. Zinapaswa kuwa moja, na ikiwa chupa haina namba, au namba zinapingana, usiendelee. Nailoni ya nje iwe imekunjwa na kushikana kwa usafi, bila ya michirizi ya gundi. Kifuniko kikae sawasawa, kisichezecheze. Ukipuliza, yatoke mawingu membamba badala ya matone. Na soma kila neno lililoandikwa, maana waigizaji wengi hukosea herufi. Ile alama ya mistari na ile ya miraba ya kupiga picha kwa simu usizitegemee peke yake, kwani anayeiga boksi zima hashindwi kuiga na mistari yake.

Turudi kwenye simu, kwa sababu dalili nyingi nilizozitaja zinaonekana mzigo ukishafika, na fedha zimekwisha kuondoka. Wasomaji mnaofuatilia darasa za fiqhi mnaikumbuka hukumu ya mnyama aliyefungwa kiwele. Wafugaji wengine wa zamani walikuwa wakiacha kumkamua ngamia au kondoo kwa siku kadhaa kabla ya kumpeleka sokoni, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kwamba ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari. Akiridhika amweke, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Katika mapokezi mengine hiari hiyo ni ya siku tatu. Mimi kila nikiona picha ya bidhaa iliyong'arishwa kwa programu ya simu, nakikumbuka kiwele kile. Mnyama ni wa kweli, na maziwa ni ya kweli, lakini mwonekano umetengenezwa ili ukupe dhana isiyo sahihi. Basi yule anayejibu kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi, ilhali picha yake ilisema jingine, ajue kwamba sharti lake halimwondolei mnunuzi haki aliyopewa kabla simu hazijakuwapo. Na mnunuzi naye aitazame ile pishi ya tende. Ni badala ya maziwa aliyokwisha kuyanywa. Usifukize robo nzima ya mfuko, ukala karamu na wageni wako, kisha ukadai fedha zako zote.

Liko na lile linaloitwa najshi, nalo limekatazwa katika Hadithi Sahihi. Ni mtu asiyetaka kununua kuipandisha bei ya bidhaa mnadani ili amvute mwingine. Nenda kasome sifa zilizo chini ya matangazo mengi. Watu kumi wameandika maneno yale yale, siku ile ile, kwa kurasa zisizo na picha hata moja ya mwenyewe. Huyo ni yule mtu wa mnada, amehama tu. Na nawaambia kwa upendo dada zangu wanaoombwa na rafiki zao waandike "nimeupokea, mzuri sana" juu ya kitu ambacho hawajakipokea: jambo hilo si dogo kama linavyofikiriwa.

Sasa mkono utaingiaje ndani ya rundo? Mwombe muuzaji picha ya video ya mzigo wenyewe, kwa mwanga wa mchana, pembeni pakiwa na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Mwombe akivunje kipande kimoja mbele ya kamera, na akifute kwa kitambaa chenye maji. Muuzaji mwaminifu wa udi hatachukia, huenda akafurahi kumpata mteja anayejua. Ichukue ile picha ya tangazo uitafute mtandaoni kwa programu ya kutafuta picha. Ukiikuta katika maduka matano ya nchi nne, basi hakuipiga yeye. Nunua gramu chache kwanza, hata kama bei ya jumla inakuvuta. Kama yuko mji mmoja nawe, ulipe mzigo ukishafika na ukishaufungua mbele ya aliyeuleta, usione haya kumsimamisha kijana wa bodaboda dakika mbili. Kama yuko mbali na lazima utangulize fedha, tazama jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo. Duka lenye jina la kampuni, na fedha zinakwenda kwa jina la mtu binafsi asiyetajwa popote, ni jambo la kuulizia. Mzigo ukifika, washa kamera kabla ya kukata uzi. Na usifute mazungumzo.

Ukishadhulumiwa, usinyamaze kwa aibu. Tanzania, bidhaa zenye alama za kuigwa hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya kuna mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa bandia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Udi usio na chapa ni mgumu zaidi kuufuatilia kuliko chupa yenye jina la kiwanda, sitawaficha, na mtu aliyezima simu ni mgumu kuliko vyote. Ndiyo maana maneno mengi ya leo yamekuwa juu ya kabla ya kulipa.

Na swali la binti? Aliniuliza, huku akiufunga upya ule mfuko: "Mama, nikiuuza kwa bei ndogo, bila ya kusema kwamba ni wa Kambodia na bila ya kusema kwamba si wa Kambodia, nitakuwa nimekosa? Marejesho ya kikoba yanaanza Jumamosi."

Sikumjibu usiku ule. Swali la mtu mwenye deni halijibiwi kwa haraka na mtu asiye na deni. Asubuhi nilikwenda naye kwa imamu wetu, tukamweka wazi kila kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kunyamaza juu ya aibu ya bidhaa unayoijua ni kuificha, na kwamba si halali kwa Mwislamu kumwuzia mwenzake kitu chenye kasoro bila ya kumbainishia. Binti akasema basi atabainisha, ataandika wazi kwamba ni mbao iliyotiwa rangi na mafuta. Nilidhani imamu angeridhika hapo. Akauliza: "Na yule mtoto aliyekohoa?" Binti akainama. Imamu akamweleza kwamba kubainisha kunaondoa udanganyifu, hakuondoi madhara, na madhali hajui ni rangi gani na mafuta gani yaliyomo, na moshi wake umekwisha kumwumiza mtu, haufai kuuzwa ili kufukizwa ndani ya nyumba za watu kwa bei yoyote. Kisha akaingia ofisini, akazungumza na kiongozi wa kikoba kwa simu, wakakubaliana kwamba marejesho ya mwezi wa kwanza yasogezwe, na mengine yagawanywe.

Hasara imebaki ni yake. Anailipa kidogo kidogo, na ameanza kumfuata bibi mmoja wa mtaani kujifunza udi wa kupika, ambao kwa sasa, naomba anisamehe kwa kusema, unaungua sufuriani mara mbili katika kila tatu. Yule mteja wa kwanza amerudishiwa fedha zake zote, pamoja na za kile alichokifukiza.

Mfuko wenyewe uko kwangu, stoo, umefungwa ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa sababu ya harufu. Binti hataki kuuona, na mimi nimekataa kuutupa. Dada au kaka yeyote wa mtaani kwetu anayetaka kuiona ghushi kwa macho yake na aje siku yoyote baada ya Alasiri, na kitambaa cheupe asikichoke kukibeba.